Mafuta ya Kujaribia

Kila pikipiki ilipopita barabarani, Esha aliinuka mkekani, akajitengeneza mtandio, akachungulia. Ikishapita, alikaa tena. "Si yeye," alisema. Nami, nikisuka ukili wangu barazani, niliitikia, "Atakuja." Tangu asubuhi tulikuwa tukisemezana hayo hayo, na adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa.

Pikipiki ilikuwa ya marehemu mume wangu, Kibwana. Alipofariki niliiingiza ndani nikaifunika shuka, maana sikutaka hata kufikiria kuiuza. Lakini upepo ulipoezua bati za chumbani kwangu nikajiambia, Nusaiba wee, marehemu hapandi pikipiki. Shemeji yangu Bakary ndiye aliyenifundisha kuuza. Usijaze mafuta, alisema, tia ya kujaribia tu, ya kufika Mitwero na kurudi. Na mtu asiitoe hapo uani mpaka ameacha kitu. Kadi nayo niikumbatie mpaka hela iingie. Kadi nimeikumbatia kweli. Ninayo mpaka leo chini ya godoro, kadi ya pikipiki isiyokuwepo.

Asubuhi hiyo walikuja wawili kutoka Kilangala, Esha na mumewe Bashiru, maharusi wa juzi tu. Bashiru aliizunguka pikipiki, akabinya tairi, akavuta mnyororo, akakisifu kile kiti cha kijani alichokishonesha Kibwana mwenyewe. Kisha akaiwasha. Mlio ule, jamani! Niliingia ndani nikasema nafuata kadi, nikalia, nikanawa uso, nikatoka.

"Naomba niijaribu, mama," Bashiru akasema. "Nikiridhika nakurushia hela hapo hapo."

"Niachie simu basi."

"Simu ndiyo ina hela yote, mama, na mimi na wewe tumejuana leo." Akacheka, akamgeukia Esha. "Nakuachia mke wangu. Kuna rehani kubwa kuliko hiyo?"

Tulicheka sote. Esha alificha uso kwenye mtandio, akacheka kutushinda. Sasa niambieni, hapo mngejibu nini? Ningesema haitoshi, mbele ya binti wa watu, na yeye ananitazama? Ningekuwa nimemwambia kwamba hana thamani ya pikipiki kuukuu. Kinywa changu hakikulelewa hivyo. Nikatoa ufunguo.

Nilipopakua wali, Esha alikula kidogo, mwingine akaufunika kwa sahani. "Nimwekee," alisema. "Akirudi atakuwa na njaa kweli." Simu yake Bashiru ilikuwa haipatikani, nimepiga mpaka kidole kimechoka. Nikamwona binti ameanza kuuma ukucha, na huruma ikanishika.

"Unajua," nikamwambia, "mafuta yenyewe nilitia ya kujaribia tu. Yatakuwa yamemwishia."

Lo, uso ule ulivyochangamka! "Ndiyo! Atakuwa anasukuma. Bashiru si mtu wa kuomba msaada, mama, atasukuma mpaka afike." Akaanza kunieleza, haraka haraka, mambo waliyoyapanga: yeye mume abebe abiria, yeye mke auze maandazi, wajenge. Hela ile ilikuwa ya korosho za mama yake. Mama alimkabidhi Esha, Esha akaiweka kwenye simu ya mumewe kwa kuwa simu yao ni moja. Alilisema hilo kama jambo la kawaida, na kwa mke aliyependa lilikuwa la kawaida.

Baada ya alasiri nikasema hatukai tena, tumfuate tumpelekee mafuta. Esha aliiosha chupa ya maji, akaibeba mwenyewe. Njia nzima alitangulia, akiangalia mbele, akimtafuta mtu anayesukuma pikipiki.

Pale sheli tulimkuta Stella, ambaye alimjazia Kibwana mafuta miaka yote. Aliponiona akaniamkia, kisha akasema, "Mama, kumbe mmeshaiuza ile ya marehemu? Nimeona kiti cha kijani asubuhi, moyo ukanipasuka."

"Alipita hapa?" Esha aliuliza.

"Kajaza mpaka juu, dada. Fulu tanki. Akaniuliza kama yatamfikisha Nangurukuru, mbali kote kule."

Mwenye bajaji nyuma yetu akapiga honi, tukasogea. Esha aliitazama ile chupa, akaitazama pampu.

"Labda alitaka kukurudishia imejaa," akaniambia. "Kwa heshima."

Wallahi, wakati ule pikipiki niliisahau, na Kibwana aniwie radhi. Mtu alikuwa anamtetea mumewe kwangu, na chupa tupu mkononi. Nilimlaani Bashiru kimoyomoyo kwa maneno nisiyoweza kuyaandika, nikamshika Esha mkono tukarudi nyumbani kwangu Rasbura. Bakary alikwenda kuripoti polisi. Waliandika, wakasema tusubiri.

Kesho yake kaka yake Esha, tuliyempigia simu, alikuja kumchukua. Binti alikuwa ameshafagia ua, ameosha vyombo vyote, na ile sahani ya wali amewamwagia kuku. Macho yalikuwa yamemvimba. Kaka akatangulia nje, akamwita, akamwita tena. Yeye akabaki amesimama mlangoni, miguu ndani ya kizingiti, anasokota ncha ya mtandio.

"Nenda, mwanangu, kaka yako anakungoja," nikamwambia.

"Mama, unaniruhusu?"

"Ala! Nani akuzuie?"

"Si niliachwa kwako rehani," akasema. "Na hajanikomboa."

Hakuwa anatania. Alikuwa ananiuliza kweli, anasubiri jibu, na nje kaka yake alikuwa ameacha kuita.

"Mimi sikudai kitu," nikamwambia. "Nenda kwa mama yako."

Akasema ahsante, akavuka kizingiti.