Saa ya Matanga kwa Mzee Wakoli

Gathii ana saa nne za mkononi, na Kitale nzima inajua kwa sababu niliwaambia mimi. Duka lake la mbegu limepakana na langu la mitumba, ningenyamazaje? Ya raba huivaa akienda shamba kule kijijini Kwanza. Ile kubwa, nzito kama kufuli, ni ya kukutana na madalali wa mahindi. Ya mnyororo wa dhahabu ni ya kanisa na sherehe. Na ile nyembamba, ya mkanda mweusi, ni ya matanga. Akitokea nayo sokoni, watu huuliza, "Leo tunazika nani?"

Hata Fridah nilimwambia, tulipokutana arusini Myanga. Fridah ni shangazi yake Nanyama, msichana ambaye Gathii anataka kuoa. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Basi siku ya kupeleka posa Bungoma ikafika, na saa ya dhahabu ikagoma. Betri imekwisha, na fundi ameenda kanisani.

"Navaa nyeusi," Gathii akasema. "Inaenda na suti."

"Si ukae mkono mtupu, bana!"

"Mkono mtupu kwa wakwe, Kabura? Wataniona mhuni."

Nikanyamaza, jambo ambalo huwa silifanyi. Nani Bungoma angejua? Tulikuwa tumeshapita Kiminini ndipo nikamkumbuka Fridah.

Sebule ya kina Nanyama ilikuwa imejaa mpaka watoto wamekalia meza. Fridah akamsalimia Gathii, akaushika mkono wake, hakuuachilia.

"Wee! Kabura, si hii ndiyo ile ya matanga?"

Mzee Wakoli, babake Nanyama, akaweka kikombe chini. "Kijana, umekuja kuoa ama kutuzika?"

"Warudi Kitale," Fridah akasema. "Waje siku ingine. Ati aombe msichana wetu na saa ya maiti!"

Na siku ingine ya Fridah mimi naijua: ni mwakani, kama si mwaka utakaofuata. Mlangoni mwa jikoni Nanyama alisimama na sahani mikononi, macho yameanza kulowa.

"Senge," nikamwambia Fridah, kama wao wanavyomwita shangazi, "kosa ni la mdomo wangu. Nisingekuambia, ungeona saa tu."

"Ati sasa kosa ni kujua?"

Gathii aliifungua saa, akaitia mfukoni. Jasho lilikuwa linamtoka kama amepanda Elgon mbio.

Mzee Wakoli alimwangalia sana. "Nasikia uko na ya shamba, ya kanisa, ya madalali. Ya kukaa nyumbani na bibi ni gani?"

Gathii alijikuna kifundo cha mkono. "Hakuna, mzee. Nikifika nyumbani navua. Nikishafika, naangalia saa ya nini tena?"

Walioanza vigelegele ni wanawake wa jikoni. Fridah alijaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Huyo atakaa," Mzee Wakoli akasema. "Shikeni kuku."

Kwa Wakoli, mgeni aliyechinjiwa kuku hafukuzwi tena. Nikapumua.

Nanyama mwenyewe ndiye aliyeleta birika na beseni, akamnawisha Gathii. Maji yakaisha, mkono bado ameushika.

"Nanyama!" Fridah akafoka. "Achilia, mama! Hata hatujaanza kuongea!"