Ufunguo Aliokabidhiwa Isack

Kabla sijafika mbali, fumbueni kitendawili hiki: ng'ombe wangu yuko uani, kamba yake iko mfukoni mwangu. Waliozoea mjini watacheka na kujibu upesi, gari na rimoti yake. Ukoo wa marehemu Stanislaus, pale Busunzu, ulishindwa kukifumbua, na walioshindwa si watoto, ni wanaume wazima wenye mvi kichwani.

Stanislaus alimwacha mjane, jina lake Immakulata, na Noah moja nyeupe. Gari lile lilitoka katika maharage. Maharage ya nani? Ya Immakulata. Ndiye aliyelima, ndiye aliyepura, ndiye aliyekwenda kuyauza Kasulu akilala juu ya magunia yake ili yasibebwe. Kadi ya gari ilikuwa na jina lake, na hilo halikuwa siri. Siku padri alipolibariki, Stanislaus mwenyewe alisema mbele ya kanisa kwamba yeye ni dereva tu wa mkewe. Watu walicheka. Kumbe wengine walicheka kwa sababu walidhani anatania.

Gari lilikuwa la mtumba kutoka Japani, la kuwasha kwa kubonyeza kitufe, na kama mengi ya namna hiyo lilikuja na ufunguo mmoja. Ule mmoja, Stanislaus alikuwa akiutundika kwenye msumari karibu na mlango wa sebuleni, na baada ya kufa kwake hakuna aliyeugusa.

Mpaka siku ya kuanua matanga. Katika ukoo ule mrithi hukabidhiwa mkuki wa marehemu mbele ya watu; akishaupokea, kila kilichokuwa cha marehemu kimeingia mkononi mwake. Lakini Stanislaus hakuwa na mkuki. Wa baba yake ulibaki Burundi, siku familia ilipovuka mpaka na watoto mgongoni. Basi Mzee Nsabimana, baba mdogo wa marehemu, alipekua nyumba kwa macho, akauona ule msumari. Akautungua ufunguo, akachovya kidole katika pombe ya ndizi, akaupaka, kisha akauweka kiganjani mwa Isack, mdogo wa marehemu. Watu wakapiga makofi.

Immakulata alikuwa jikoni akiteka pombe nyingine. Aliyasikia makofi, akadhani sala imekwisha. Alipotoka, ufunguo ulikuwa tayari mfukoni mwa shati la Isack, na Isack anapongezwa.

Alipiga magoti, akasema kwa adabu kwamba baba wamekosea, ule ni ufunguo wa gari, na gari ni lake. Mzee Nsabimana hakukasirika hata kidogo. Alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi hauanguki. Alimweleza taratibu kuwa yeye mwenyewe ni wa ukoo, aliletwa kwa mahari, sasa kitu chake kitakuwaje chake? Wakaendelea kunywa pombe aliyoipika yeye.

Nasema hivi: kuna matusi yanayotukanwa kwa sauti ya upole, na hayo ndiyo hukaa tumboni.

Isack hajui kuendesha hata baiskeli kwa mkono mmoja. Hakulitaka gari, alitaka bei yake. Alikwenda Kasulu na ule ufunguo, akaleta habari kwamba Jumamosi atakuja na mnunuzi. Noah ikabaki uani imefungwa, na maharage ya msimu yamejaa stoo yakisubiri soko, wadudu wameshaanza kuyatoboa. Gari likiuzwa, Immakulata atabaki na jembe tu. Alizunguka gari lake mwenyewe kama mwizi, anachungulia kioo, anaona kanga yake kwenye kiti cha mbele, na haifikii.

Ndipo alipojifunga kitambaa kichwani, akapanda basi kwenda Kasulu kumtafuta fundi wa funguo.

Fundi aliitwa Crispin, kijana mwenye kibanda kilichojaa maganda ya rimoti kama duka la kobe waliokufa. Alimsikiliza kwa heshima, akasema inawezekana, ana mashine ya kuingizia ufunguo mpya hata kama wa zamani haupo. Kisha akauliza mwenye gari yuko wapi.

"Ndiye huyu anayeongea na wewe," alisema Immakulata.

"Hapana mama, namaanisha baba."

"Baba yuko kaburini."

"Pole sana, mama. Basi njoo na shemeji. Unajua hizi ishu, mtu unaweza kumtengenezea mwizi ufunguo bila kujua."

Hapo Immakulata alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Alitoa kadi ya gari, akatoa kitambulisho chake cha taifa, akaviweka juu ya meza, jina juu ya jina. Alimwambia kwamba kuogopa wezi ni jambo jema, aendelee hivyo hivyo, Mungu ambariki. Lakini kuna jambo moja amsaidie kulielewa.

"Angekuja mwanaume na karatasi hizi, ungemwambia akamlete mke wake?"

Crispin alisoma jina kwenye kadi, akasoma kwenye kitambulisho.  Mwishoni alisema kwamba hapana, asingemwambia. Aliomba tu, watakapofika Busunzu, mwenyekiti wa kijiji awepo wakati wa kufungua mlango. Hilo lilikuwa ombi la haki, na Immakulata alilikubali. Haki anaijua akiiona. Ilikuwa imempotea siku nyingi tu.

Ijumaa Crispin alifika na mkoba wake. Mwenyekiti alisimama, mlango ukafunguliwa, na kijana akachomeka waya wake chini ya usukani. Mashine ile ikaanza kuongea na gari. Kwenye kivuli cha ukuta alikaa Bibi Ndayikunda, mama yake Stanislaus, mkwe wake Immakulata, anachambua mchicha na hasemi neno. Tangu matanga alikuwa hajasema neno juu ya gari, na Immakulata hakujua bibi huyu yuko upande gani.

Crispin alieleza kwamba gari lina kumbukumbu. Linaujua ufunguo wake kama ndama anavyomjua mama yake. Sasa limefundishwa kuujua mpya. Ila ule wa zamani bado linaukumbuka.

"Nifanyeje, mama? Naweza kuuacha, zote mbili zifanye kazi. Au niufute, ule ubaki plastiki tu."

Hapo mkono wa Immakulata ulishika mlango wa gari. Ufunguo ule ulikuwa na kitufe kilichofutika alama kwa kidole gumba cha Stanislaus. Alikuwa akiubonyeza akiwa mbali, barabarani kabisa, ili gari lipepese taa na mkewe ajue kwamba yuko njiani kurudi.

Alimtazama mkwe wake. Bibi hakuinua macho kutoka kwenye mchicha.

"Futa," alisema Immakulata.

Jumamosi walikuja. Mzee Nsabimana na fimbo yake, mnunuzi na suruali iliyonyooshwa kwa pasi, na Isack mbele, amevaa koti. Majirani nao wakasogea. Isack akabonyeza ufunguo kwa mkono ulionyooshwa, kama mtu anayebariki. Gari kimya. Akabonyeza tena, akaupuliza, akausugua kwenye koti. Akasema ni betri. Akaenda dukani kununua betri, akaiweka, akabonyeza. Kimya. Jirani mmoja akauliza kama labda gari limelala, na akina mama wakajifunika midomo kwa kanga.

Basi mnunuzi akamwonyesha kwamba ndani ya ile rimoti kuna kijifunguo cha chuma. Isack akakichomoa, akafungua mlango. Hee. Gari likalia. Honi na taa, pipi-pipi-pipi, kuku wakakimbilia migombani, na Isack ndani anabonyeza kila kitu alichokiona, hadi redio.

Immakulata akatoka ndani ya nyumba. Alibonyeza mara moja tu ufunguo mpya, na gari likanyamaza.

Mzee Nsabimana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, maana si mjinga. Alimwuliza ule wa marehemu umepatwa na nini. Akamjibu kwamba umefutwa. Uso wa mzee ukabadilika.

"Umemfuta mwanangu. Umemfuta marehemu kwenye gari lake."

Hilo ni neno zito. Immakulata hakupiga magoti safari hii.

"Mimi nimefuta kitufe, baba. Nyinyi mlichukua kitu alichokishika kila siku, mkakipaka pombe, mkampa mtu akakiuze kwa yule mwenye suruali pale. Arobaini ilikuwa haijapita vizuri. Nani amemfuta Stanislaus?"

Mnunuzi akauliza kadi iko kwa nani. Alipoonyeshwa, alimgeukia Isack akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele ya wajukuu, akaondoka na pikipiki aliyojia. Mzee Nsabimana akagonga fimbo chini, akasema ukoo utakaa kikao na huyu mwanamke atatozwa faini.

Ndipo Bibi Ndayikunda aliponyanyuka. Alijikung'uta mapaja, akapita katikati ya wanaume wote, akafika mlango wa mbele wa Noah, akaingia. Aliisogeza ile kanga, akakaa.

"Shemeji yangu," alimwambia Mzee Nsabimana kupitia dirishani, "niliolewa katika ukoo huu kabla wewe hujaota ndevu. Mume wangu alipokufa mlinipokonya ng'ombe. Nilinyamaza, nikadhani ndiyo heshima. Kaeni kikao chenu. Huyu mukazana wangu ana maharage ya kupeleka sokoni."

Mukazana, kwa Kiha chetu, ni mke wa mwanao. Alilitamka kwa sauti, ili hata wa barabarani walisikie.

Majirani walibeba magunia bila kuombwa. Isack naye alibeba moja, maana hakujua mikono yake aiweke wapi. Immakulata akaketi kwenye usukani, kama Stanislaus alivyomfundisha, akabonyeza, gari likanguruma. Alikanyaga mafuta. Halikwenda. Akakanyaga tena, hasira yote ya siku zile imemshuka mguuni.

"Hilo nalo limekatazwa na ukoo?" aliuliza mkwe wake.

"Hapana, mama. Sijatoa breki ya mkono."

"Basi itoe, twende."