Kiuno cha Sitini na Sita

Mtu mmoja aliingia dukani wakati fundi wa nguo amevua viatu na kuinua miguu juu ya kigoda. Hakuwa mteja wake, wala hakuwahi kumwona mtaani. Alikuwa mwanamume wa makamo, buti zake zimeganda saruji hadi kwenye kamba, na kabla hajaketi aligeuza kiganja cha mkono wa kushoto akakiweka mezani kama mtu anayetaka kusomewa nyota. Kiganjani palikuwa na namba tatu za wino.

"Samahani, dada. Nataka suti ya baba. Jumamosi anamwoza dada yangu."

Fundi alishusha miguu. Siku nzima alikuwa akishona sampuli za sare za shule, na nyayo zake zilikuwa bado zinatetemeka kwa kukanyaga cherehani. Akasoma kiganja: kifua themanini na moja, kiuno sitini na sita, urefu wa suruali mia moja na saba. Aliuliza kama hizo ni sentimita, mgeni akasema ndiyo, ni nini kingine.

Fundi akamweleza kwamba pale ndani kila kitu ni inchi. Mama yake alimfundisha kukata kwa inchi, robo ya kifua na nusu inchi ya kupumulia, na upande wa sentimita wa tepu yake ulishafutika bila mtu kuukumbuka. Mgeni, ambaye alikuwa mwashi, akajibu kwamba kwao kwenye jengo mtu akitaja inchi huulizwa alizaliwa mwaka gani.

"Inchi zinavaliwa na watu, kaka," ilisema sauti kutoka cherehani ya pili. "Sentimita zinavaliwa na kuta."

Huyo alikuwa mdogo wake fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku, na haikuhitaji kuuliza kwa nini.

Mwashi alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. Akaeleza alivyopima. Tepu yake ni ya chuma, haipindi mwilini, kwa hiyo alimzungushia baba yake uzi wa kujengea, kisha akaunyoosha uzi kwenye tepu. Tena tepu yenyewe ilikatika ncha siku nyingi, hivyo waashi wote pale kazini huanzia kwenye kumi na mwishoni hutoa kumi. Fundi akauliza kwa nini asimlete mzee mwenyewe. Mwashi akasema mzee siku hizi hatoki sana.

"Ni mwembamba?"

"Baba?" Mwashi alitazama mlango. "Baba ni pande la mtu. Miraba minne. Mlango wa kwetu anaingia kwa ubavu."

Akachagua kitambaa cha kijivu, akaacha namba ya simu, akaenda zake.

Fundi alichukua chaki akafanya hesabu juu ya meza kama alivyozoea, kugawa kwa mbili na nusu kisha kupunguza kidogo. Kifua, inchi thelathini na mbili. Suruali, arobaini na mbili. Kiuno, ishirini na sita. Akaifuta akaifanya tena. Kasuku alikuja akasimama nyuma yake.

"Ishirini na sita ni kiuno changu nikiwa kidato cha pili," alisema. "Mtu mwenye miguu mirefu hivi, miraba minne, halafu kiuno cha mwanafunzi?"

Wakalijadili kidogo. Kasuku ndiye aliyelitatua: kumi ile. Urefu wa suruali mwashi aliupima moja kwa moja kwa tepu, akatoa kumi mara moja. Lakini vipimo vya uzi alivitolea kumi kwenye tepu, halafu akavitolea tena alipoviandika kiganjani. Ilikuwa na akili. Fundi alipiga ile namba mara moja, haikupatikana. Angeweza kupiga tena. Lakini sampuli za sare zilikuwa zinamsubiri, na mtu aliyechoka hulipenda jibu la kwanza linaloingia akilini. Akarudisha kumi kwenye kifua na kumi kwenye kiuno. Sasa kiuno kilitoka inchi thelathini, kifua thelathini na sita. Huyo ni mtu, alisema moyoni, akaweka mkasi kwenye kitambaa.

Ijumaa alasiri mwashi alirudi. Fundi alimfungulia suti kwa furaha, maana koti lilikuwa limetoka vizuri kweli. Mwashi hakulitazama. Alichukua suruali, akashika mkanda wake kwa mikono miwili, akaupima kwa macho kama anavyopima nafasi ya dirisha.

"Hii ni ya baba wa mwaka jana," alisema.

Kasuku alianza kumweleza habari ya kumi iliyotolewa mara mbili, kwa utani, lakini utani ulimfia mdomoni. Mwashi akasema alitoa kumi mara moja tu. Alipima uzi, akapima tena, kwa sababu na yeye hakuamini. Mzee alikuwa ameangalia ukutani muda wote huo.

Fundi akauliza polepole, kama anayeogopa kugusa kidonda: mbona ulisema ni pande la mtu.

Mwashi akaketi. "Dada, ungekuwa wewe ungesemaje? Uliponiuliza, huyo ndiye niliyemwona."

Kisha mwashi akawaambia ugonjwa ulivyoanza na ulivyomla mzee kidogo kidogo, na kwamba kwa harusi nzima mzee ameomba kitu kimoja tu. Amesema atasimama akimkabidhi binti yake, na siku hiyo asionekane mtu aliyeazima nguo. Hataki kushikizwa pini mgongoni. Na kupimwa tena hataki.

"Magari ya harusi yanaondoka saa ngapi?" aliuliza fundi.

"Saa tatu asubuhi."

"Nitaileta mwenyewe kabla hamjaondoka," alisema fundi. "Ikihitaji mshono, nitaushona akiwa ameivaa. Nakuahidi."

Mwashi alipotoka, Kasuku alimgeukia dada yake. Kisha akamkumbusha: kesho saa tatu mwalimu mkuu anakuja kuona sampuli. Sare za shule nzima, kazi ya mwaka. Na alisema wazi kwamba anataka kumkuta fundi mwenyewe, si msaidizi.

Fundi alimpigia simu mwalimu mkuu akaomba saa nyingine. Mwalimu mkuu hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba Jumamosi ndiyo nafasi yake pekee, na kwamba mtaa huohuo kuna fundi mwingine. Fundi akasema ahsante, akaweka simu, akavuta kigoda.

Inchi nne kiunoni si za kubana tu mshono wa nyuma. Ukifanya hivyo mifuko inakwenda kukutana mgongoni, na mvaaji anaonekana kituko. Akafumua ubavu na nyuma, akafumua bitana ya koti, akarudi kwenye zile namba tatu na safari hii hakuongeza wala kupunguza kitu. Alishona hadi giza likaingia, akaamka alfajiri akamalizia. Asubuhi alipiga pasi, akaikunja suti ndani ya shuka safi.

"Mwalimu mkuu atasema umemdharau," alisema Kasuku.

"Mwambie nimekwenda kazini."

Nyumba ya mwashi ilikuwa upande wa pili wa mji. Magari yalishafungwa riboni, na watoto wenye soksi nyeupe walikuwa wanakatazwa kugusa. Mwashi alimpeleka chumba cha nyuma. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa fulana tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Fundi aliona mifupa ya mabega yake, mipana kama nguzo za mlango, na akaamini kila neno la mwanawe. Wakamvika taratibu, mwana upande huu na fundi upande ule. Kiuno kilikaa. Kifua kilikaa. Bega la kushoto lilikuwa limelegea kidogo, basi fundi akapiga magoti kitandani nyuma yake, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kulivuta kwa mishono midogo isiyoonekana.

Saa tatu ilipofika, simu ilianza kutetemeka mfukoni mwake. Ikakata, ikaanza tena.

"Simu yako, binti yangu," alisema mzee.

"Itanyamaza."

Nje mtu alipiga honi. Fundi hakuharakisha. Alimaliza mshono wa mwisho, akakata uzi kwa meno, akalainisha bega kwa kiganja.

"Simama tukuone, mzee."

Mzee aliweka mkono mmoja begani kwa mwanawe, akavuta pumzi, akasimama.