Konvata Tatu Kwenye Laini Moja

"Usinifundishe umeme, we ziro!" Baba mdogo Kornel alinifokea mpaka mate yakanirukia. "Form Four umefeli, leo unajua kuliko mimi niliyetengeneza redio za Kilema nzima?"

"Redio ni redio, bamdogo. Hizi konvata zinavutana!"

Tulizitengeneza wote wawili, humo humo dukani kwake. Kisanduku kimoja kila nyumba, kinachukua umeme wa ile mashine inayozungushwa na maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kijiji, kinautoa volti kumi na mbili zilizotulia. Tulijaribu moja moja, safi kabisa. Jumamosi tukawasha ya tatu, kwa Mama Mektrida, yule mshona nguo. Ikalipuka. Mkono wake wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko, vidole vimeshikana.

Sasa bamdogo anataka nisimame mbele ya wazee wa mfongo niseme mimi ndiye niliyegeuza waya.

"Laini ni kama mfongo," akasema. "Maji yakipungua, kila mtu anapata kidogo. Kinacholipuka nini hapo?"

"Konvata haikubali kidogo! Volti zikishuka, inavuta zaidi. Jirani yake naye anavuta. Zinashuka tena. Angalia."

Nikaunganisha tatu nyingine, ambazo hatujazipeleka kwa watu, pale mezani kwenye laini ya duka. Ya kwanza, sindano ya mita kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, sindano ikaanza kurukaruka kama ina wazimu. Nikabana kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme kidogo, pale umeme unapoingilia, kila kisanduku ya kwake. Sindano ikatulia.

Bamdogo akaikodolea macho. Nikajua ameelewa.

"Nilikwambia tangu mwezi wa tatu tuziweke," nikasema. "Ukasema urembo."

"Haya, umepatia." Akacheka. "Kwa hiyo? Mimi nina watoto watano na jina. We una nini? Ziro haipungui. Kawaambie uligeuza waya, la sivyo hama kwangu. Mtoto wa mlevi, nani atashangaa?"

"Na Mama Mektrida?"

"Si ana mkono wa kushoto?"

Nikang'oa kapasita zangu zote, nikazitia mfukoni. Sindano ikaanza tena kuruka.

"Siendi kusema," nikamwambia. "Ya nne si unaiweka kwako Jumapili? Iwashe tu, bamdogo. Wanao nao wana mikono ya kushoto."

"We! Rudisha hizo! Jovin!"

Nikatoka, nikafunga mlango.