Vipande vya Wodi ya Wazazi

Jumamosi asubuhi, mkunga mstaafu alikuwa akipangusa vumbi kwenye mizani ya kupimia vichanga, iliyokaa juu ya kabati la vyombo, pale shemeji yake alipoingia bila kubisha, akakalia kiti cha marehemu kaka yake, akatangaza kwamba huu si wakati wa kuuza vipande vya uwekezaji.

"Gawio limepanda tena, shemeji. Ng'ombe anayekamwa hachinjwi."

"Wewe unamkama. Mimi ndiye ninayelala naye sebuleni."

Mizani ile ilifika pamoja na gawio la kwanza. Mumewe, kabla ya kufariki, alikitia kiinua mgongo chake chote katika mfuko wa uwekezaji wa ng'ambo, ambao hisa zake huitwa vipande; mfuko ukanunua hospitali katika nchi ambayo hakuna mwanafamilia aliyepata kufika, ukaanza kupunguza gharama. Kila kilichopunguzwa huko kilihamia kwa wenye vipande. Wengine, ilisemekana, walipata vitasa vya milango. Mkunga aliangukiwa na wodi ya wazazi: kwanza mizani, kisha pazia la kijani, kisha stuli ya chuma, kisha sinki, lililochomoza ukutani chini ya picha ya harusi na kutoa maji ya moto, anasa ambayo nyumba ile haikuwahi kuijua. Pesa nazo ziliingia kwenye simu saa hiyohiyo. Ndizo zilizolipa kodi ya nyumba, kwa kuwa kiinua mgongo cha mkunga mwenyewe kilikuwa bado kinashughulikiwa, na mgongo haukuwa umekisubiri ndipo upinde.

Safari hii kilikuja kitanda, na juu ya kitanda mama mjamzito.

Hakujua lugha ya hapa, wala mkunga hakujua ya kwake, lakini uchungu hauhitaji mkalimani. Alikuwa ameshika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili. Shemeji alisogeza kiti ili asizibe njia, akaendelea kufafanua faida.

Mkunga alimpigia simu wakala aliyewauzia vipande.

"Nataka kuuza. Vyote."

"Hakuna shida, mama. Leo hii vinaondoka."

"Na huyu mwanamke aliyeko hapa?"

"Anakwenda kwa mnunuzi. Mali inafuata kipande, mama."

"Mnunuzi ni nani?"

"Mashirika makubwa. Watu wa kawaida siku hizi hawanunui, wanaogopa nyumba zao kujaa."

"Hao wakubwa wanawaweka wapi watu?"

"Wana ghala, mama. La kisasa kabisa."

"Lina mkunga?"

Wakala alifikiri, kwa kuwa alikuwa kijana mkweli. "Lina mlinzi. Getini."

"Akisikia mtu analia ndani, anafungua?"

"Hana ufunguo, mama. Mali za watu zile."

Mkunga alikata simu. Alinawa kwenye sinki, akavuta pazia.

"Shemeji, chemsha maji. Weka na uzi."

"Kwa hiyo hatuuzi?"

"Chemsha maji!"

"Nauliza tu. Mtu akiuliza si ugomvi."

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kike, akiwa na sauti ya kutosha nyumba tatu. Mkunga alimfunga kitovu, akamlaza kwenye mizani. Shemeji alichungulia uzito kupitia upenyo wa pazia.

"Na huyu je," aliuliza, "atahesabiwa kama nyongeza?"

Mkunga alimtazama mpaka akaenda kukaa uani.

Mzazi alitazama dari, kabati, picha ya harusi, akauliza neno moja. Mkunga alikisia kwamba anauliza yuko wapi.

"Mfukoni, mwanangu," alimjibu. "Sote tumo mfukoni."

Vipande havikuuzwa. Mama yule alibaki, maana wodi yake ilikuwa hapa. Neno la kwanza alilojifunza lilikuwa "sukuma", na kitanda cha pili kilipofika na mjamzito wake alilisema kwa ufasaha. Meza ya chakula ilihamishiwa uani. Gawio lilinunua glavu, pamba na nyembe, na kilichosalia kilikwenda kwa mwenye nyumba, aliyekwisha kupandisha kodi kwa hoja kwamba wapangaji wameongezeka.

Mwisho wa mwaka shemeji alikuja na habari njema. Wakuu wa mfuko walikuwa wametangaza kwamba wodi ya wazazi sasa inaendeshwa bila gharama yoyote na bila kifo hata kimoja, jambo waliloliita ufanisi, na kwamba utaratibu huo utasambazwa katika hospitali zao zote. Gawio lingeongezeka maradufu.

"Unaona, shemeji? Kazi yako inathaminiwa."

Magurudumu ya kitanda kingine yalikuwa yakilia barazani, na mtu alikuwa akiugulia juu yake. Mkunga alifungua bomba la sinki anawe. Maji yalikuwa baridi. Hapa napo ya moto yalikuwa yamepunguzwa, yakaenda kwa mwenye vipande vingi zaidi.