Kitambaa cha Dawa ya Kifafa

Mchoraji wa vitambaa alikuwa na mdomo usiojua kunong'ona, isipokuwa kwa jambo moja: kifafa chake. Tangu utotoni mama yake alimwonya, "Ukiulizwa, sema una kipandauso." Basi akasema kipandauso mpaka akachoka.

Kilichomfikisha ukingoni ni hadubini. Mjomba wake, fundi wa maabara, aliponda kidonge chake kimoja, akakiyeyusha kwa spiriti, akadondosha tone kwenye kipande cha kioo cha hadubini na kuliacha likauke. Kisha akachomoa lenzi za miwani ya jua, ile inayochuja mng'ao, moja akaiweka chini ya kioo, nyingine juu, akaizungusha polepole.

"Haya, mpwa wangu, chungulia."

Akachungulia. Lo! Kwanza giza, halafu ghafla manyoya ya samawati na manjano yamechanua kutoka pembe hadi pembe.

"Hiki ndicho ninachokimeza kila asubuhi nimejifungia chooni?"

"Ndicho hicho."

"Na miaka yote mnaniambia nione haya!" Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya hasira tupu.

Akayachora yale manyoya, akayapeleka kiwandani alikofanya kazi. Bosi alipoona kipande cha kwanza kilichochapwa alipiga makofi. "Maua haya watayagombania!"

"Si maua, bosi. Ni dawa yangu ya kifafa. Na kitambaa kitaitwa hivyo hivyo."

Bosi alimtolea macho. "Wee! Nani atavaa kifafa? Ni maua ya bustani, basi. Wanunuzi wanakuja kesho. Ukifungua mdomo, kitambaa nakitupa, na wewe ukatafute kazi kwingine."

"Nimekusikia," alisema mchoraji. Hakusema amekubali, lakini bosi alikuwa ameshageuka, anapiga mluzi.

Kesho yake akaja amevaa gauni la kitambaa kile kile. Wanunuzi walikuwa wameizunguka meza, wanapapasa na kuvuta pindo. Mama mmoja mwenye maduka, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, akauliza, "Maua gani haya?"

"Ya bustani, mama, ya bus—" bosi akadakia.

"Muongo huyo," mchoraji akamkata. "Ni dawa yangu ya kifafa, ukiitazama kwa hadubini. Ndiyo, nina kifafa. Nimeanguka mbele za watu, nikaamka, nikajikung'uta vumbi, nikaendelea na kazi. Mwenye neno aseme."

Mzee mmoja aliachia kitambaa haraka, akajipangusa kiganja kwenye suruali.

"Usijisumbue, mzee," mchoraji akamwambia. "Kifafa hakiambukizi. Ujinga ndio wa kuogopa."

Bosi alikuwa amevimba kwa ghadhabu. "Kusanya vitu vyako!"

Akakusanya. Brashi, rula, kikombe chake cha chai. Kuomba msamaha? Thubutu! Labda wamfufue bibi yake aje amwombee. Alikuwa keshafika mlangoni.

"Wewe binti! Unakwenda wapi? Rudi hapa!"

Alikuwa yule mama mwenye maduka. Alifungua mkoba, akapekua chini kabisa, akatoa pakiti ya vidonge iliyokunjwakunjwa na kuiweka juu ya kitambaa, mbele ya macho ya wote.

"Dawa hizi hata mume wangu hazijui," alisema, na ile sauti yake kubwa ikakwaruza. "Niambie. Zangu zitatoka rangi gani?"