Tundu la Radi

Namunyak ni mtoto wa dada yangu. Kwa Kimaasai mjomba na mpwa wanaitana jina moja, apu, kwa hivyo mimi humwita apu na yeye huniita apu. Mwezi wa tatu sasa naishi kwake hapa Kajiado, baada ya kuzunguka Magadi, Kimana, Embulbul, na kwingine ambako sina haja ya kutaja. Alijifungua kwa upasuaji wiki mbili zilizopita na daktari akamkataza safari. Kitu kikitakikana Kitengela, anayetumwa ni mimi na magoti yangu.

Safari hii kilitakikana kitu kinaitwa doki. Ni kisanduku kama mche wa sabuni. Unachomeka waya mmoja kwa laptop, halafu skrini, kibodi na waya wa intaneti vyote unachomeka kwa kisanduku. Namunyak alikuwa ameitwa kazi ya kuandika maneno ya mikutano ya watu wa mbali, akiwa nyumbani. Ijumaa saa nane mchana wakubwa wangemwangalia kwa kamera. Skrini mbili ziwe zinawaka, ama nafasi iende kwa mtu mwingine.

Alhamisi nilienda kwa duka la Mwihaki, mama wa makamo ambaye huongea bisibisi ikiwa kwa meno. Nilimpa karatasi yenye jina la laptop. Alilitafuta kwa kompyuta yake, akashusha kisanduku cheusi.

"Hii ndiyo yake, mzee."

Niligeuza. Kando ya tundu kulikuwa na alama ndogo ya radi.

"Hii sitaki. Nipe isiyo na radi."

"Radi ndiyo inabeba picha."

"Nyumba iko na mtoto mchanga, mama."

Wacha nieleze. Shule yangu ni ya vipande, darasa la kwanza Magadi, la tatu Kimana, la pili sikuwahi kuliona. Lakini alama nazijua. Kimana nililinda pampu ya shamba la nyanya, na kwa sanduku la stima kulikuwa na radi kama hiyo. Fundi aliniambia, ukiona hii rudi nyuma. Mbuzi wa jirani hakuambiwa. Alijikuna hapo mara moja tu. Kwa hivyo nilipofika kwa Namunyak na kuona laptop yake iko na tundu la radi, nilikata tepu nyeusi nikaliziba. Sikumwambia mtu. Laptop ilikuwa ya mtumba, alikuwa ameinunua wiki hiyo tu, na yeye alidhani waliomuuzia ndio waliziba, kwamba tundu limekufa.

"Matundu yanafanana," Mwihaki alisema, "lakini lile lisilo na radi ni la chaja na vitu vidogo tu. Si nyinyi Wamaasai mnaangalia alama ya sikio kabla ya kusema ng'ombe ni wa nani? Angalia alama."

"Nimeiangalia. Ndiyo maana sitaki."

Alinitazama, akanipa nyingine isiyo na radi. Chini ya risiti akaandika: Mteja amechagua mwenyewe.

Jioni Namunyak alichomeka kwa lile tundu lililo wazi. Chaja ilishika, kibodi ikaandika, lakini skrini zilibaki nyeusi. Alichomoa, akachomeka, akazima, akawasha, mpaka mtoto akalia.

"Apu, hao wamekuuzia takataka," alisema. "Kesho nitawapigia niwaambie ni wezi."

"Labda," nikasema. Neno dogo, lakini lilikataa nilale usiku kucha.

Ijumaa saa tano nilikuwa tena kwa kaunta ya Mwihaki.

"Nilijua utarudi," alisema. "Nilidhani utakuja siku ya sikukuu unikatize mapumziko, kumbe umenikatiza chai tu."

"Lile tundu la radi nililiziba mwenyewe."

Alitoa bisibisi kwa meno. "Na nini?"

"Tepu ya stima."

"Angalau ni tepu ya kazi hiyo." Hakucheka. Alichukua ile doki ya radi ya jana, akaichomeka ukutani, akaweka kidole kwa tundu. "Niko hai?"

"Uko."

"Weka chako."

Niliweka. Nilichopata ni vumbi. Akaniambia radi hiyo maana yake ni mbio tu. Picha zinapita hapo haraka kuliko kwa matundu mengine. Akanibadilishia, akaandika mstari mwingine kwa risiti, akanirudishia.

Nilifika nyumbani saa saba na nusu. Namunyak alikuwa amevaa blauzi ya kanisani juu na leso chini, simu mkononi.

"Ndiyo nawapigia hao wezi."

"Apu, usipige. Mwizi ni mimi." Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, kwa sababu nikiketi singemaliza.

Aliweka simu mezani, akasema, "Miezi mitatu nakunja shingo kwa hiki kioo kidogo cha laptop."

"Najua."

"Hujui. Shingo si yako."

Nilianza kubandua tepu na kucha. Gundi ilikuwa imeshika kama deni la ukoo.

"Mpeleke mtoto nje kwanza," nikasema.

"Apu, si umesema uliweka kidole?"

"Mpeleke tu."

Alimbeba mpaka mlangoni, akasimama hapo. Nikachomeka. Skrini ya kwanza ikawaka. Ya pili ikafikiria, ikafikiria, nayo ikawaka. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja.

Wakubwa walipokuja walimwambia ageuze kamera waone meza. Mimi nilikuwa chini sakafuni na mtoto kifuani, mahali kamera haifiki, nikiangalia lile tundu kama mtu anayelinda pampu. Waliongea Kizungu kirefu. Mwishowe nilishika neno moja, Jumatatu, siku ya kuanza kazi.

Namunyak alizima kamera, akaegemea ukuta, akafumba macho. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufurahi. Baadaye, akitafuta karatasi za doki kwa mfuko, alikuta risiti. Akasoma polepole.

"Mteja amechagua mwenyewe. Mteja amerudi mwenyewe." Akaniangalia. "Huyu mteja ni nani?"

"Apu," nikasema.

"Apu yupi?"

Nilikuwa navua viatu.